Sauti Iliyopatikana Matulo

Nilipopofuka watu walinililia, kisha wakakasirika nilipokataa kujiona maiti. Sitii chumvi. Macho yangu yaliliwa na presha, la kushoto kwanza kisha la kulia, na kabla sijaacha kabisa kuuona ubao wenzangu shuleni walikuwa wameshagawana vipindi vyangu kwa midomo. Mmoja alinishika mkono langoni akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba mjomba wake naye alipopofuka alijifunza kusuka viti na sasa anaishi vizuri. Nilimwuliza kama mjomba wake alikuwa akifundisha Kiswahili kidato cha nne. Tangu siku hiyo alinisalimia kwa mbali.

Kilichoniokoa ni kompyuta. Darasani nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kuiita tarakilishi, lakini nyumbani kwangu, nje kidogo ya Kitale, iliitwa kompyuta kama kwa watu wote. Ilikuwa na programu ya kuisoma skrini kwa sauti. Nikibonyeza herufi inaitaja, nikishusha mshale inasoma mstari, nikikosea inanyamaza na mimi najua nimekosea. Ilikuwa sauti ya kiume, ya Mzungu aliyejifunza Kiswahili akiwa na mafua, na mke wangu aliichukia. Mimi niliipenda kuliko redio na kuliko kwaya, na siku nyingine kuliko watu wa nyumba yangu. Kwa sauti hiyo nilitunga mitihani, nilijaza alama, niliandika ripoti za wanafunzi, na nilibaki mwalimu.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya. Huyu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliniita ofisini, akanivutia kiti mwenyewe, akasema, "Mwalimu, hakuna mtu anataka kukuonea. Lakini watu wanauliza." Sikumwuliza ni watu gani, maana nilikuwa nimeketi mbele yao. Shule zote za kanisa letu, za Trans Nzoia na za Bungoma, hutunga mtihani wa pamoja. Walimu hukutana Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa mjini Bungoma, kila mmoja na kompyuta yake, wakatunga na kusahihishana hapo hapo. Alisema niende nitunge sehemu yangu mimi mwenyewe, bila mtu wa kunisomea wala kuniandikia, mbele ya kamati. Nikiweza, nitabaki kazini. Nikishindwa, nitastaafu kwa sababu za afya. Nilimwambia hiyo ni kazi ninayoifanya kila juma. Nilitoka ofisini mwake nikipiga mluzi.

Sasa ingia shemeji, ndugu mdogo wa mke wangu. Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa nakala Moi's Bridge, na kwa sababu hiyo ukoo mzima ulimhesabu kuwa mtaalamu wa kila kitu chenye waya. Alikuja siku moja, akaikagua kompyuta yangu, akasema mfumo wake umezeeka, kwamba waliouunda wameutelekeza, na kwamba wezi wa mtandaoni wataingia wakati wowote. Akasema ataniwekea mfumo mwingine mpya, wa bure. Nilimwambia mimi sina shida na ule wa zamani. Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Mwalimu, mtu anakusaidia na wewe unaringa."

Lazima nieleze kidogo hapa. Kwetu sisi, shemeji akija kwako ni mgeni wa heshima. Anachinjiwa kuku, na firigisi inawekwa kwenye sahani yake yeye. Kazi aliyoitia mkono huwezi kuichukua ukampa mtu mwingine, kwa sababu utakuwa umetangaza mbele ya ukoo kwamba waliokuzalia mke wamezaa pia mjinga. Unaweza kulijua jambo hilo moyoni. Kulitangaza huwezi.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alishinda sebuleni kwangu akibonyeza, akiimba kwa pua, akila. "Shemeji, hii nimekuwekea Kiswahili mzima mzima," akaniambia. "Si wewe ni mwalimu wa Kiswahili? Kila kitu iko Kiswahili, mpaka ile ya kuzima." Akairudisha programu yangu, akachomeka visikizi vyake mwenyewe kujaribu sauti, akasema iko safi sana, besi inapiga. Mke wangu akaita kwamba chakula kiko mezani. Shemeji akavichomoa kwa haraka, na mimi nikasikia mlio mdogo, tik.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

"Si kitu, shemeji. Twende tukule."

Tulipomaliza kula alinirudisha mbele ya kompyuta na kuuweka mkono wangu juu ya vitufe. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikabonyeza vitufe vyote. Wenye macho hawawezi kulielewa jambo hili, lakini hebu fikiria unafungua mlango wa nyumba yako na ndani hakuna nyumba.

Basi tukaanza safari ya kuitafuta sauti. Alipandisha sauti mpaka mwisho, alivyodai. Aliizima kompyuta akaiwasha. Akasema ni draiva, kiprogramu cha kuendesha sauti, kwamba kila mfumo una draiva wake wa sauti na huyu wetu amekataa kazi, akamshusha mwingine kwa bando la simu yangu. Kimya. Jumapili iliyofuata akaja na draiva mpya na hamu mpya ya kuku. Akasema labda ni sasisho, yale marekebisho ambayo mfumo hujiletea wenyewe kutoka mtandaoni. Akasisitiza tusubiri sasisho. Tulisubiri, tukachinja. Mitetea yangu miwili mizuri ilienda hivyo, pamoja na jogoo aliyekuwa akiniamsha asubuhi, na mashine ikabaki bubu. Mimi nikawa nasema, "Asante sana, shemeji, umejitahidi," huku nikiomba Mungu ampalie mfupa.

Siku moja alikuja na spika ndogo isiyotumia waya. Wimbo wa injili ukajaa sebule. "Si unasikia? Sauti iko!" akasema, na mke wangu akapiga makofi. Nilimwomba aizime kompyuta na kuiwasha upya. Ilipowaka, kimya. Spika ile ilikuwa haiamki mpaka mtu aingize neno la siri na kufungua ukurasa, na neno hilo lazima uliingize bila kusikia umeandika nini, na ukikosea hujui kama umekosea. Nilimweleza polepole, jinsi ninavyowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza. Akasema, "Lakini hapo si unaandika tu?" Nilihisi mikono yangu ikitafuta kitu cha kurusha.

Nilimwomba basi anisomee yaliyo kwenye ukurasa wa sauti, mstari kwa mstari.

"Kuna maneno tu," akasema. "Kiswahili ngumu ngumu. Ya kwanza inasema spika. Spika iko."

"Na ya pili?"

"Hiyo haihusiani."

Alipoondoka nilimwomba mke wangu. Alikaa kando yangu, akahema.

"Imeandikwa mambo ya sauti," akasema.

"Mambo gani?"

"Mambo ya sauti, mwalimu. Si nimekuambia? Ama unataka nikusomee mpaka betri?"

Hakuwa hivyo zamani. Aliolewa na mtu mwenye macho, kama alivyopenda kusema mbele ya wageni, na upofu haukuwa kwenye mapatano. Namwelewa, na kumwelewa hakujawahi kunizuia kumkasirikia.

Safari ya Bungoma ilikuwa inakaribia. Nikavunja mwiko. Siku mke wangu alipokwenda kwenye chama chake cha wanawake nilimwita mtu wa bodaboda, nikaifunga kompyuta kifuani chini ya koti la mvua, tukaenda Kitale mjini kwa fundi mmoja wa vibandani karibu na steji ya matatu. Fundi aliponiona alimwuliza wa bodaboda, "Huyu anataka nini?" Nilimwambia mimi ndiye mwenye mdomo. Akacheka. Nikamweleza shida yangu yote, na programu yangu, na mfumo mpya. Alikuwa akisema "eeh, eeh" huku akimuuzia mtu mwingine chaja.

Alichomeka spika zake kubwa kwenye tundu bapa la USB pembeni, na mara nikaisikia. Sauti yangu! Mzungu wangu mwenye mafua, akisoma kila kitu fundi alichokigusa: dirisha, kitufe, folda, nyuma, ghairi. Nilitaka kulia mbele za watu. Watu nao walikuwa wamekusanyika na kuanza kucheka, wakimwigiza, "folda, folda," na fundi akaaibika, maana mteja wa chaja alimwuliza kama kibanda chake kina majini. Akabonyeza bonyeza kwa haraka. Sauti ikakatika, halafu ukaanza muziki.

"Mzee, iko poa sasa," akasema. "Sauti imerudi. Na nimekutolea hiyo virusi ilikuwa inaongea ongea."

"Umeitoa vipi?"

"Nimeifuta yote. Haiwezi rudi."

Nilimwambia ameyafuta macho yangu. Alicheka kidogo, akaacha. Akasema pole, lakini hata yeye ilikuwa inamsumbua, na kwamba hajui iliingia vipi kwa hiyo hajui ataingiza vipi. Stima ikapotea steji nzima wakati huo huo, akapata sababu ya kufunga. Nyumbani, bila spika zake kubwa, kompyuta ilikuwa bubu kama mwanzo, na sasa hata ingepata mdomo haikuwa na la kusema.

Mke wangu alijua kabla ya jioni. Kitale ni mji mdogo kwa kipofu, kila mtu anakuona.

"Umepeleka kazi ya ndugu yangu kwa wahuni wa steji," akasema.

"Ni kompyuta yangu."

"Na mimi ni nani wako?"

Alimpigia ndugu yake simu, nikasikia analia. Ndugu yake akakasirika, akaacha kupokea simu zangu, akarudi kwao Matulo akisema hakanyagi kwangu tena. Njia ilikuwa moja tu. Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, tuliamka tukaenda Matulo, mimi na mke wangu, jogoo wa kununua akipiga teke ndani ya kikapu. Tungeomba msamaha, shemeji angeirudisha programu, na asubuhi yake wangenipeleka Bungoma mjini, ambako si mbali.

Kwa wakwe kuna sheria nyingine, kubwa kuliko ya firigisi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali pamoja. Mwenye macho hulitatua jambo hilo kwa kupita njia nyingine. Mimi siwezi, kwa hiyo tangu nipofuke lazima nyumba nzima inizunguke. Nilipoingia uani, baba mdogo wa mke wangu, mzee mmoja mwenye sauti ya kuuza ng'ombe, akapiga kelele, "Mkwe kipofu amekuja! Ficheni mama, asije akakaliwa!" Watu wote wakacheka, na mke wangu akacheka pia. Nilisikia mlango wa jikoni, nyumba ya peke yake kule nyuma, ukifungwa kwa komeo. Huyo alikuwa mama mkwe, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeisikia sauti yake kupitia ukuta tu, akiwaita watu kwa kupaza.

Jogoo akapokelewa, nikaomba msamaha. Baba mdogo alinirudisha nyuma mara kadhaa ili niombe vizuri zaidi. Nilisema nilipotoshwa. Nilisema shemeji ni fundi na wa Kitale ni mwizi. Mwisho shemeji akakohoa, akakubali, akaketi kando yangu na kuirudisha programu kwa bando langu. Kimya kilekile. "Ni hii mashine yako," akasema. "Imechoka." Akaenda nje kuona jogoo akinyonyolewa, wengine wakamfuata, nikaachwa kwenye kochi na mashine magotini, na mkutano ni kesho.

Nikasikia kanga zikichakacha, mtu akaketi kando yangu.

"Leta nikusomee," akasema. Ilikuwa sauti ya chini, ya mwanamke mzima. Mke wangu ana shangazi anayeishi pale, nikajua ni yeye.

"Asante, shangazi. Soma kila kitu, hata kama hakina maana."

Akasoma. Alisoma kila neno, akisimama kwenye nukta. Spika za ndani: zimenyamazishwa. Visikizi: vimechomekwa. Unyamazishaji wa moja kwa moja: umewashwa.

"Rudia hiyo ya visikizi," nikasema.

"Visikizi, vimechomekwa."

"Hakuna visikizi hapa."

"Mashine inasema viko." Akainama, nikahisi kichwa chake karibu na mkono wangu. Kisha akakishika kidole changu akakiweka ubavuni mwa kompyuta, kwenye lile tundu la duara la visikizi. "Guza hapa. Kuna kitu imevunjikia ndani."

Niligusa kwa ukucha. Ndani kabisa kulikuwa na kipande cha chuma. Wiki zote hizo mashine ilikuwa ikiamini kwamba kuna mtu amejichomekea visikizi na anasikiliza peke yake, kwa hiyo ikawanyamazia wengine kwa heshima. Nikaukumbuka ule mlio mdogo, tik. Si kitu, shemeji. Twende tukule. Alijua. Kila Jumapili alikula firigisi yangu akijua kwamba ncha ya visikizi vyake imo humo ndani, na hakuweza kusema kwa sababu shemeji hakosei.

"Huu unyamazishaji, niuzime?" akauliza.

"Uzime."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu alipobonyeza, na sauti ikapasuka, nzima, kubwa, ikisoma ukurasa wote. Nilicheka kwa nguvu. Nilimshika mkono wote kwa mikono miwili, nikamwambia Mungu ambariki. Hapo nikasikia mke wangu mlangoni akipiga yowe, na sahani ikivunjika.

"Mama!"

Nikauachilia mkono ule. Watu wakaja mbio, wakajaa mlangoni, na wote wakanyamaza, isipokuwa Mzungu wangu aliyeendelea kusoma. Mama mkwe hakuinuka kwa haraka.

"Nyinyi munakula kuku ya huyu mutu," akasema, "na hakuna hata mumoja amemusomea mistari tatu. Na wewe," nadhani alimgeukia mwanawe, "ukuje utoe kitu yako kwa hii shimo."

Shemeji hakuja kuitoa. Hakuhitaji, kwani baba mdogo alikuwa ameshaanza kupaza sauti kwamba nyumba imechafuka. Ajabu ya watu wale! Mtu ameniharibia mashine, amenidanganya, amenilia kuku mpaka banda limebaki manyoya, na hakuna aliyelitaja. Kosa lililokaliwa kikao jioni hiyo lilikuwa langu: nimemshika mama mkwe mkono. Ikaamuliwa kwamba atafutwe kondoo, achinjwe, tupakwe vya tumboni mwake mimi na mama mkwe ili tutakaswe, na mpaka hapo hakuna mtu wa boma lile atakayekula nami wala kutembea nami. Mama mkwe akajibu kwa kupaza kutoka jikoni, kupitia ukuta kama zamani, kwamba yeye amesoma maandishi tu na hapakwi kitu. Hilo liliwakasirisha zaidi, na hasira yote wakanimwagia mimi, kwa sababu yeye walikuwa wakimwogopa.

Nilimwomba shemeji, kupitia kwa mke wangu, anisindikize asubuhi kwa fundi yeyote Bungoma mwenye koleo ndogo, tuing'oe ile ncha kabla ya mkutano. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejaribu kwa pini nikaisukuma ndani zaidi. Mke wangu alikwenda, akarudi.

"Amesema hatembei na wewe mpaka kondoo."

"Na wewe?"

"Mimi ni wa hapa," akasema. "Nenda na mashine yako, si sasa inaongea?"

Asubuhi nilitafuta barabara kwa fimbo, nikapata bodaboda, nikafika Bungoma nikiwa nimechelewa, na hapakuwa na muda tena wa kutafuta fundi. Haikunisumbua sana. Sauti nilikuwa nayo. Nilijiambia kwamba sauti ndiyo jambo, mengine ni manyoya.

Mlangoni mwa ukumbi walikusanya simu za wote, pamoja na kila kitu kisichotumia waya, kwa sababu ya usiri wa mtihani. Nikapewa meza. Mwalimu mkuu wangu alinisalimia vizuri, akaketi nyuma yangu, nikasikia akifungua chupa ya chai. Nikawasha kompyuta. "Karibu," ikasema, na ukumbi mzima ukageuka, nilisikia viti. Nikapunguza sauti. Nikaanza kuandika kifungu cha ufahamu, nikiisikiliza inavyonirudishia neno kwa neno. Mikono yangu ilikuwa na furaha. Nilifikiria sura ya yule wa mjomba wa viti.

Nilikuwa nimemaliza swali la kwanza na ninalirudia nione kama limekaa sawa mwalimu mmoja wa meza ya pili aliposema kwa sauti, "Jamani, si hiyo ni mtihani inasomewa watu wote, mpaka wanaopita nje?"

Mwenyekiti wa kamati akaja. Alikuwa mama mmoja mwenye harufu ya sabuni. "Mwalimu, tumia visikizi," akasema.

Nikamweleza kuhusu tundu na ncha iliyovunjikia ndani. Hata mimi nilijisikia naongea upuzi.

"Basi ipunguze."

Niliipunguza mpaka chini kabisa, nikalaza sikio juu ya vitufe, nikawa naandika mikono imepinda chini ya shavu langu. Mtu mmoja akacheka kwa pua. Kisha yule wa meza ya pili akasema bado anasikia, kwamba amesikia swali la kwanza lote na anaweza kulijibu, na akalijibu, mbele ya watu, na jibu lilikuwa sahihi. Wakacheka sana. Niliomba chumba cha peke yangu. Mwenyekiti akasema hakuna anayetunga mtihani wa pamoja bila kuonwa na wenzake. Nikasema basi mtu mmoja aje anione humo. Mwalimu mkuu akasema nyuma yangu, kwa upole wake uleule, "Mwalimu, tulikubaliana ni wewe mwenyewe. Ukiwekewa mtu, watu watauliza."

Nilichukia kila pumzi iliyokuwa ikivutwa ndani ya ukumbi ule. Nikaizima sauti.

Nimefundisha kwa miaka mingi, vitufe navijua, kifungu kilikuwa kichwani. Nikaandika kwenye kimya. Niliandika habari ya mtu anayeuza shamba lake la mahindi, na maswali yake, kisha ufupisho, kisha sarufi, na kila swali lilinijia likiwa limeshachanwa nywele. Sijawahi kutunga mtihani mzuri kuliko ule. Nilikuwa nikisikia wenzangu wakibishana na kufutana huku mimi naandika bila kusimama, na wale waliokuwa wakicheka walinyamaza mmoja mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandika kwa kasi kama yangu. Nilipofika mwisho nikanyoosha mgongo. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Soma."

Akaivuta kompyuta kwake.

"Mwalimu, hapa kuna swali moja."

"Shuka chini."

"Nimeshuka." Akabonyeza tena. "Kuna kisanduku kimefunguka hapa katikati. Kinauliza kama unataka kusasisha mfumo sasa ama baadaye."

Kisanduku kile kilijitokeza chenyewe, pengine nilipoanza tu swali la pili, kikasimama mbele ya ukurasa wangu, na kila neno nililoandika baada ya hapo lilikiangukia kikalimeza. Sauti ingekuwa imewashwa ingeniambia papo hapo.

"Niliandika," nikasema. "Nyote mlinisikia nikiandika."

"Tulikusikia," akasema mwenyekiti.

Nikamnyang'anya mwalimu mkuu kompyuta, nikafunga kisanduku, nikairudisha sauti na kuipandisha mpaka mwisho. Hakuna aliyenikataza. Ikasoma swali la kwanza kwa ukumbi wote. Nikashusha mshale.

"Tupu," ikasema.

Nikashusha tena. "Tupu." Nikaendelea kubonyeza, na kila nilipobonyeza ikasema tupu, kwa sauti safi isiyokwaruza, mpaka mwalimu mkuu aliponishika kiganja na kukiondoa juu ya vitufe. Jumatatu kidato cha nne kilifundishwa na mtu mwingine.